Bima imekataa kulipa juu ya kitu kimeandikwa kwa faili yako ya hospitali? Anzia hapa

Hapa naongelea Kenya na bima za kibinafsi, mambo ya SHA, ile bima ya afya ya serikali, ni hadithi ingine.

Dada yangu alilazwa siku nne Nairobi, bima ikatoa idhini siku ya kwanza bila shida, alafu siku ya kutoka tunaambiwa klemu imekataliwa, eti ana presha ya kitambo na alificha akijaza fomu ya kujiunga. Presha gani na hajawahi meza hata tembe moja?? Kumbe pale mapokezi nesi aliuliza kama kuna presha kwa familia, akajibu mama anayo miaka kumi, na nesi akaandika tu "presha, miaka 10". Basi. Shemeji akaacha logbuku ya gari kwa ofisi ya akaunti ya hospitali kama dhamana ndio tutoke.

Kosa letu lilikuwa kupigia bima kelele kwa simu. Yule wa kasta kea anasoma tu chenye kiko kwa skrini yake, hawezi kubadilisha kitu. Usianze na bima, anza na huo mstari ulioandikwa hospitali.

Itisha kwanza barua ya kukataliwa, imeandikwa, ikitaja kipengele cha mkataba na maneno gani ya hospitali wametegemea. Kama bima ni ya kazini sukuma broka kupitia HR, si analipwa komisheni, wacha atoe jasho kidogo.

Alafu itisha faili yako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuona data yako, na kanuni za 2021 zinasema upewe ndani ya siku 7, bila malipo. Watakuambia faili ni mali ya hospitali, sawa, folda ni yao, lakini habari za ndani ni zako. Na usikubali kupewa samari ya kutoka peke yake, taka karatasi ya nesi ya mapokezi, noti za daktari za kila siku, majibu ya maabara, na hasa ripoti ile hospitali ilituma kwa bima, manake hapo ndio utaona kama kosa lilianzia kwa nesi ama kwa mtu wa kujaza ripoti aliyekuwa na haraka.

Sasa kuwa mkweli. Kama huo mstari ni kweli na ulijua, hii njia haitakusaidia, afadhali usome mkataba uone kama muda wa kungoja ulishaisha, bima kadhaa hulipa magonjwa uliyokuwa nayo kabla ya kujiunga baada ya hapo.

Kama ni uongo, andikia hospitali ukiomba marekebisho, wako na siku 14. Ambatanisha ushahidi, sisi tulitafuta vikaratasi vya kliniki vya miaka iliyopita vyenye presha imepimwa na iko sawa. Na usiombe wafute! Ikifutwa, bima itasema faili imechezewa. Omba daktari aongeze noti mpya ya kusahihisha, yenye tarehe, sahihi na stempu, ile ya zamani ibaki hapo hapo. Kifungu cha 40 cha hiyo Sheria ya 2019 kinasema kama data ilishapeanwa kwa mtu mwingine, hospitali ichukue hatua kumjulisha kwamba umeomba irekebishwe, kwa hivyo taja bima kwa hiyo barua.

Wengi hukwama kwa "sikuwaruhusu wapeane habari zangu". Angalia fomu ya klemu, karibu kila mara uliweka sahihi. Hiyo vita pigana tu kama walituma vitu havihusiani na huo ugonjwa.

Ukishapata noti mpya ndio sasa urudi kwa bima, kwa imeli, uombe waangalie upya. Wakikataa bado, peleka malalamiko IRA, ndio wasimamizi wa bima. Hospitali ikigoma kurekebisha, hiyo ni ya Ofisi ya Kamishna wa Data, haulipishwi, na sheria inawapa siku 90 wamalize. Weka kila imeli, na ukienda kwa mguu omba nakala yako ipigwe stempu ya kupokelewa.

Yetu haikufika huko. Noti ilirekebishwa, bima ikalipa kama miezi miwili baadaye, na logbuku tukaichukua Jumatatu baada ya kuzungushwa madirisha matatu.