Kamera mpya ikiandika "Lens Error"

Ujumbe huu huja pale lenzi inapotakiwa kutoka au kurudi ndani, ikakwama katikati. Kinachoisukuma ni mota ndogo na gia za plastiki. Ikizuiwa hata kidogo, kamera hujizima.

Anza na betri, maana ndiyo mkosaji wa mara nyingi. Betri ya kiwandani huja na chaji kidogo, kwa hiyo ijaze kabisa. Kama kamera yako inatumia betri za AA, achana na zile za bei ya chee za redio: weka za kuchaji zilizoandikwa NiMH. Toa betri na kadi, subiri dakika 10, rudisha betri peke yake, kisha washa.

Bado? Chunguza ufa mwembamba unaoizunguka shingo ya lenzi. Vumbi jekundu la barabara zetu za murramu hupenya humo, na punje moja ya mchanga yatosha kuikwamisha. Elekeza lenzi chini, pulizia kwa kipampu cha mpira. Usipulize kwa mdomo, mate yataingia. Ukiwasha ikiwa ndani ya mfuko wake, nayo hukwama vivyo hivyo.

Usiivute kwa vidole wala kufungua skrubu. Kamera mpya ina waranti, na alama ya bisibisi huweza kuifuta. Irudishe dukani mapema, hata kama ni safari ya Gulu hadi Kampala, pamoja na risiti, boksi na video ya simu inayoonyesha kosa.