Somo: Kobe mkubwa na baridi ya Nairobi

Wasee, mko aje. Naona kila wiki mtu anauliza kobe wake amezubaa ama pua inatoka maji, ndo nikasema niandike yote pahali pamoja. Naongea juu ya yule wa madoadoa, wa mbuga zetu, anaweza kupita kilo 15 na akaishi miaka 50 na zaidi, kwa hivyo hii si kazi ya likizo ya watoto.

Kwanza kibali. Sheria ya wanyamapori ya 2013 hairuhusu kuweka mnyama wa pori bila kibali, enda KWS, lile shirika la wanyamapori, pale Barabara ya Lang'ata uulize kabla hujajenga chochote. Kumuokota barabarani ukienda Narok ukamleta kwako ni kosa, hata kama ulimwonea huruma.

Pili boma. Jenga ukuta wa mawe ama mbao, kitu hawezi kuona ng'ambo, kwa sababu ukiweka waya atausukuma na kichwa mchana kutwa mpaka ajiumize. Mbwa wasiingie kabisa, hata yule mpole, wanatafuna gamba kama mfupa.

Tatu, na hapa tafadhali soma pole pole, baridi. Huyu kobe halali msimu mzima kama wale wa Ulaya. Akitulia Julai hajalala, anaugua. Mwili wake unapata joto kutoka nje, sasa usiku ukishuka mpaka digrii 11 na majani yameloa, chakula kinakaa tu tumboni na mapafu yanajaa, na kobe hawezi kukohoa vizuri kama sisi kutoa uchafu. Jenga kibanda cha mbao na mabati, sakafu iinuke, weka nyasi kavu nyingi, na balbu ya joto ifungwe juu mbali na nyasi isilete moto. Jioni mwenyewe ukamuingize. Mwaka wangu wa kwanza niliona povu puani nikadhani ni mate, nikangoja siku nne, daktari alipomwona alikuwa anapumua mdomo wazi na shingo imenyooshwa. Alipona lakini sindano zilikuwa nyingi na bado inaniuma nikikumbuka.

Asubuhi atoke juani, jua lenyewe, la kupitia kioo cha dirisha halimjengei mifupa.

Chakula ni nyasi. Nyasi ya uwanjani isiyopigwa dawa, beli ya boma rhodes (nyasi iliyokaushwa) kiangazi, mpungate uliotolewa miiba, maua ya hibiskasi. Spinachi si ya kila siku, inazuia kalsiamu. Ugali, mkate, chakula cha mbwa, avokado, hapana. Matunda matamu yanachacha tumboni. Mwekee mfupa wa ngisi autafune, na maji kwa sinia pana, ya kina kifupi.

MASWALI

Wa Kasarani: Naweza kutoboa gamba pembeni nimfunge kamba asitoroke?
Jibu: Usithubutu ndugu yangu. Gamba ni mfupa hai, lina damu na lina hisia. Hata rangi usipake. Tengeneza ukuta.

Mama wa Rongai: Wangu hajakula siku tatu, huku kumekuwa na mawingu tu.
Jibu: Mama, anza na joto, usimlazimishe chakula. Muweke kwa beseni la maji ya vuguvugu yafike kidevuni dakika 20, umkaushe, umpeleke chini ya balbu. Ukiona kamasi, macho yamevimba ama anapumua mdomo wazi, usingoje kesho, tafuta daktari anayejua reptilia.

Wa Umoja: Watoto wanamshika, kuna shida?
Jibu: Wanawe mikono na sabuni kila mara, kobe hubeba salmonela hata akiwa mzima. Na vyombo vyake visioshwe kwa sinki ya jikoni.

Wa Buruburu: Mimi nataka jitu kama yule kobe Mzee wa Haller Park kule Mombasa, aliyekuwa akilala kando ya yule kiboko Owen.
Jibu: Yule ni wa Aldabra, kule Ushelisheli, dume linapita kilo 200 na limezoea joto la pwani. Plot ya Buruburu hapana, mkubwa.