Mapunye ya mtoto: krimu pekee haitayaondoa

Wazazi wengi hufika kliniki na tyubu za krimu zilizokwisha, mapunye yakiwa palepale. Fangasi wa mapunye hukaa ndani ya unywele hadi kwenye shina lake, na krimu haifiki huko. Dawa lazima imezwe.

Hatua ya 1: Hakikisha ni mapunye
Mkague mtoto juani. Utaona mabaka ya mviringo yenye magamba ya kijivu, nywele zimekatika, au vitone vyeusi pale zilipokatikia. Papasa nyuma ya shingo. Mara nyingi tezi huwa zimevimba. Mba wa kawaida haukati nywele.

Pakiwa na uvimbe laini unaotoa usaha, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Usikubali upasuliwe kama jipu. Ni mapunye yaliyochachamaa, na yakicheleweshwa huacha kovu lisiloota nywele tena.

Hatua ya 2: Anza dawa ya kumeza
Inayotumika sana ni griseofulvini. Kipimo hutegemea uzito, kwa kawaida miligramu 10 hadi 20 kwa kila kilo kwa siku, kwa wiki 6 hadi 8, kwa hiyo mtoto apimwe uzito kwanza. Mwambie mhudumu kama mtoto ana ugonjwa wa ini. Mpe dawa baada ya chakula chenye mafuta: maziwa, yai, uji wa karanga. Bila mafuta, sehemu kubwa ya dawa hii hupita tumboni bila kufyonzwa.

Muwasho huisha mapema, na hapo ndipo wazazi wengi huacha dawa. Nakusihi, usiache.

Krimu za steroidi, kama betametasoni, ziweke kando kabisa. Hutuliza muwasho huku fangasi wakizidi kutambaa.

Hatua ya 3: Zuia yasisambae
Osha kichwa mara 2 kwa wiki kwa shampuu ya ketokonazoli ya asilimia 2. Povu likae dakika 5. Wakague ndugu zake wote, hata wasiojikuna. Kila mtu awe na kitana chake. Kofia na mitandio ifuliwe. Ukimpeleka kwa kinyozi, nenda na mashine yako. Kumnyoa si lazima, na shule aendelee nayo akishaanza dawa.

Hatua ya 4: Mrudishe akaguliwe
Wiki ya 6 mrudishe kliniki. Magamba yakiwa bado yapo, dozi huongezewa muda, hata kama nywele mpya zimeanza kuota.