SOMO: Namna ya kusaka nyaraka za kiwanda cha ndege kilichokwisha kufa (mfano wetu: de Havilland)

Wadau, salamu. Mwezi huu nimeulizwa swali lilelile mara tatu, na watu watatu wasiofahamiana: kiwanda cha ndege kimekufa zamani, je, michoro na makaratasi yake yako wapi? Wengi huanza kwa kusaka jina la kampuni. Wakikuta halipo tena, wanakunja jamvi.

Hapo ndipo wanapopotea. Kampuni ikifa, jina ndilo huzikwa kwanza. Makaratasi hutawanyika kama mali ya marehemu asiyeacha wosia: mengine humfuata mwenye cheti cha ndege husika, mengine hubaki kwenye jengo, mengine hutoka getini chini ya kwapa la mfanyakazi. Ukizifuata njia hizo tatu, mara nyingi utapata kitu.

Nimechukua de Havilland kwa sababu inatuhusu. East African Airways ilipoanza mwaka 1946 ilirusha Dragon Rapide, ndege ya mbao na kitambaa yenye mabawa ya ghorofa mbili. Mwaka 1960 ikapokea Comet 4 za jeti. Zote ni za de Havilland, na wazee waliofanya kazi uwanja wa ndege wa Embakasi, Nairobi, hadi leo wanazizungumzia kama watu wanavyozungumzia ng'ombe wao wa kwanza.

Hatua ya 1: Andika ukoo wa kampuni

Chukua karatasi, uchore nani alimzaa nani na nani alimmeza nani. Geoffrey de Havilland alianzisha kampuni mwaka 1920 huko Stag Lane, London, kisha ikahamia Hatfield. Mwaka 1960 ikanunuliwa na Hawker Siddeley. Mwaka 1977 Hawker Siddeley ikaingizwa ndani ya British Aerospace, nayo mwaka 1999 ikawa BAE Systems. Kwa hiyo mrithi mkubwa ni BAE Systems, ambao wana kitengo cha kumbukumbu za kale kule Farnborough.

Usisahau watoto wa nje. De Havilland ilifungua tawi Kanada mwaka 1928, na tawi hilo likaenda njia yake kabisa. Anayesaka michoro ya Twin Otter, ndege ndogo ya tawi hilo la Kanada, akamwandikia BAE Systems amebisha hodi nyumba ya jirani.

Hatua ya 2: Uliza nani ameshika cheti

Kila aina ya ndege ya kiraia ina cheti cha aina, yaani idhini rasmi ya muundo wake, na mwenye cheti anawajibika kuweka michoro na miongozo ya matengenezo ili ndege ziendelee kuruka kwa usalama. Cheti huuzwa na kununuliwa kama shamba. Twin Otter, hizi tunazoziona uwanja wa Wilson, Nairobi, ziliacha kutengenezwa mwaka 1988. Mwaka 2006 kampuni ya Viking Air ya British Columbia ikanunua kwa Bombardier, waliokuwa navyo wakati huo, vyeti vya ndege za zamani za de Havilland Canada, na michoro ikaja pamoja navyo. Mwaka 2010 Twin Otter mpya zikaanza kukabidhiwa wateja. Makaratasi ya zamani yalirudi kuwa ndege.

Kwa Rapide, Tiger Moth na Chipmunk, nenda kwa de Havilland Support, kampuni ndogo iliyopo Duxford, Uingereza. Hao ndio wanaosimamia upande wa kiufundi wa ndege hizo.

Hatua ya 3: Fuata jengo

Hii watu huiruka, na mimi ndiyo naipenda kuliko zote.

Mwaka 1948 de Havilland ilichukua kiwanda cha Broughton, kaskazini ya Wales, na Mosquito za mwisho zikatengenezwa humo. Mosquito ilikuwa ndege ya vita ya mbao: mbao nyembamba zilizogandishwa kwa gundi juu ya kalibu, zaidi ya ndege 7,700 kwa jumla. Miaka ikapita, wenye kiwanda wakabadilika mmoja baada ya mwingine, na leo pale Airbus wanatengeneza mabawa. Mwaka 2017 jengo moja la zamani lilikuwa karibu kubomolewa. Wahandisi wakakuta ndani yake michoro ya Mosquito zaidi ya 20,000, ikiwa kwenye kadi ngumu zenye kidirisha cha mikrofilamu, yaani filamu yenye picha ndogo sana ya mchoro. Zingebaki siku chache tu, zingekwenda na kifusi. Wakazikabidhi kwa shirika la hisani la The People's Mosquito, linalokusudia kurusha tena ndege hiyo.

Tazama kilichotokea. Jina la de Havilland lilikwisha kutoka ukutani kwa zaidi ya miaka hamsini, lakini hakuna aliyekuwa amehamisha kabati. Kwa hiyo jiulize: ndege yangu ilitengenezwa kwenye jengo gani, na leo nani ana funguo zake? Hatfield, kwa mfano, kiwanda kilifungwa miaka ya 1990, na sehemu ya uwanja ule sasa ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Hertfordshire.

Hatua ya 4: Tafuta nakala ya serikali

Kiwanda hufa, serikali hubaki na mafaili. Mfano mzuri ni Comet ya kwanza. Tarehe 2 Mei 1952 ndege yenye usajili G-ALYP ilibeba abiria wa kwanza duniani kulipa nauli ya safari ya jeti, London hadi Johannesburg, ikapita Rome, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone. Naam, Entebbe yetu. Tarehe 10 Januari 1954 ndege hiyohiyo ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba, watu 35 wakafa. Mwezi Aprili nyingine, G-ALYY, ikaanguka karibu na Naples.

Uchunguzi ulifanyika Farnborough, ambako Comet nzima ilitiwa kwenye tangi la maji na kujazwa presha mara kwa mara mpaka bodi ikachanika kwa uchovu wa chuma. Kazi yote hiyo iliacha makaratasi mengi upande wa serikali, na mahali pa kuanzia kuyatafuta ni Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, hasa mafaili yenye alama ya AVIA. Kuyasoma pale ni bure, unahitaji tu kadi ya msomaji. Nakala ndiyo hulipiwa.

Hatua ya 5: Makumbusho

Fupi tu. De Havilland wana makumbusho yao London Colney, mahali Mosquito ya kwanza ilipobuniwa, na ndege yenyewe bado ipo. Kwa Handley Page, kiwanda kingine cha ndege cha Uingereza, iliyofilisika na kufunga mwaka 1970, jaribu makumbusho ya jeshi la anga la Uingereza, Hendon.

Hatua ya 6: Nyumba za wastaafu

Mwaka 1959, tarehe 20 Februari, serikali ya Kanada ilifuta mradi wa ndege ya kivita ya Avro Arrow. Maelfu ya watu walipoteza kazi siku hiyohiyo, kisha ikatoka amri ndege zikatwe vipande na michoro iharibiwe. Lakini mchoraji mmoja mwandamizi alibeba michoro nyumbani. Ilikaa chini ya nyumba yake miaka na miaka, na mwaka 2020 ikaonyeshwa hadharani Saskatoon, kwenye kituo chenye jina la Diefenbaker. Na Diefenbaker ndiye waziri mkuu aliyeifuta Arrow! Mungu naye hucheka.

Basi ulizia vyama vya wastaafu, ulizia wajane, ulizia wajukuu. Nenda kwa adabu. Usifike na begi tupu ukidai.

Hatua ya 7: Andika barua inayojibika

Barua yangu ya kwanza niliandika "naomba taarifa zote kuhusu Dragon Rapide". Sikujibiwa mpaka leo, na sikustahili. Ya pili nilitaja aina ya ndege, nambari ya usajili, nambari ya uundaji, mwaka, na kitu kimoja ninachotafuta: mchoro wa mguu wa nyuma. Jibu lilikuja baada ya wiki tatu. Watunza nyaraka wengi wa makumbusho haya ni wazee wanaojitolea. Wape kitu cha kushika.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Mombasa: Mkuu, shikamoo. Marehemu babu alikuwa fundi East African Airways. Ameacha masanduku mawili ya miongozo na picha, mama anataka kuyachoma kwa sababu ya mchwa. Nifanyeje?

Marahaba. Mwombe mama akupe wiki moja. Toa masanduku sakafuni, yaweke juu ya meza mahali pakavu, mbali na ukuta. Usibandike selotepu, usilamineti, usipange upya: mpangilio wa babu nao ni taarifa. Piga picha kila jalada kwa simu, uandike orodha. Filamu zinazonuka siki zitenge, zinaoza na zitaharibu nyingine. Kisha peleka orodha, siyo masanduku, kwa Nyaraka za Taifa, Nairobi, uwaulize wanataka nini. Shirika lile lilivunjika mwaka 1977 likagawanyika nchi tatu, kwa hiyo sanduku la babu yako linaweza kuwa na kitu ambacho hakipo kwingine.

Mdau wa Arusha: Nikipata mchoro halisi, naweza kumpa fundi wa leith (mashine ya kuchonga vyuma) anichongee spea nikafunga kwenye ndege?

Hapana, mkuu. Mchoro unaeleza umbo na chuma gani. Ruhusa ya kufunga ni jambo jingine, na hiyo hutoka kwa mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi iliyosajili ndege. Pata mchoro kwanza, halafu nenda nao kwa mhandisi mwenye leseni, muanze safari ya idhini pamoja.

Mdau wa Kampala: Je, mrithi wa kampuni anaweza kukunyima nyaraka hata kama haitengenezi tena ndege hizo?

Anaweza kujaribu. Marekani, Greg Herrick alikuwa na Fairchild F-45 ya miaka ya 1930, akaomba michoro kwa mamlaka ya anga ya nchi hiyo. Kampuni iliyorithi ikasema ni siri ya biashara, naye akashindwa mahakamani. Mwenzake, Brent Taylor, akafungua kesi yake. Mahakama za chini zikamwambia suala limeshaamuliwa. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu ikasema hapana, mtu hafungwi na kesi ambayo hakuwa mhusika wake, ikairudisha isikilizwe. Iliporudi, barua ya mwaka 1955 ikawa na uzito mkubwa: kampuni ya zamani yenyewe ilikuwa imeruhusu serikali iwaazime watu michoro hiyo kwa matengenezo. Taylor akashinda.

Mdau wa Dar: Kiingereza changu cha kuunga unga. Barua nitaandikaje?

Sentensi nne zinatosha: wewe ni nani, ndege gani, unatafuta karatasi gani, utaitumia kwa nini. Ambatanisha picha ya kibao cha nambari ya ndege kama unayo. Ukikwama, weka rasimu yako hapa chini, tutairekebisha pamoja kabla hujaituma.