Bahasha ya Vita Kuu ya Pili: jinsi ya kumtambua mtumaji na mpokeaji

Bahasha iliyopita kwenye posta ya jeshi kati ya 1939 na 1945 huwa na mikono ya watu watatu: mtumaji, karani wa posta na mkaguzi wa barua. Anayeanza kazi hii hukimbilia kuchapa jina la askari kwenye intaneti, akaletewa mamia ya watu wenye jina hilo hilo. Katika yote yaliyo kwenye karatasi hiyo, jina ndilo ushahidi dhaifu. Nambari ya jeshi, tarehe ya muhuri na anwani ya nyumbani ndivyo vinavyomtenga mtu mmoja na wenzake wa jina hilo.

Soma karatasi kabla ya kutafuta

Skani pande zote mbili kwa rangi, nukta 600 kwa inchi, pamoja na kingo. Wino uliofifia mara nyingi hujitokeza ukiitazama chaneli moja tu ya rangi kwenye programu ya picha; jaribu ya buluu kwanza. Penseli iliyofutika huacha mfereji kwenye karatasi: zima taa ya chumba, mulika tochi kwa ubavu, utaona kivuli cha herufi. Chungulia ndani pia, maana wino wa barua iliyokunjwa mbichi huacha alama zilizopinduka, nazo husomeka ukigeuza picha kama kwenye kioo.

Usibandue stempu, kibandiko wala kifuniko kilichogandishwa. Wakati wa vita karatasi ilikuwa adimu, na bahasha moja ilitumika mara mbili au zaidi kwa kubandikwa anwani mpya juu ya ile ya kwanza. Anwani iliyofunikwa huonekana ukiweka mwanga nyuma yake, na huenda ndiyo inayokuambia mtumaji mwenyewe alikuwa akiandikiwa kwa anwani ipi. Hifadhi bahasha kwenye mfuko wa poliesta. Plastiki ya PVC huharibu karatasi kadiri miaka inavyopita, na selotepu huacha doa lisilotoka.

Kisha nakili kila kitu kama kilivyo, makosa kwa makosa, na herufi yenye shaka iwekee alama ya kuuliza. Tarehe huchanganya sana: Mwingereza na Mjerumani hutanguliza siku, Mmarekani hutanguliza mwezi. Kwa maandishi ya Kijerumani, tafuta jedwali la herufi za Sütterlin, mwandiko uliofundishwa shuleni hadi 1941. Ndani yake «e» hufanana sana na «n», na jina la ukoo lililosomwa vibaya hapo litakupotezea wiki nzima.

Anza na mpokeaji

Askari alihamahama, lakini mama yake, mkewe au mchumba wake alikaa kwenye nyumba yenye nambari na mtaa. Kwa hiyo bahasha inayokwenda nyumbani itafutwe kuanzia upande wa mpokeaji, kisha umfikie askari kupitia familia.

Kwa Marekani, sensa ya 1940 iko wazi tangu 2012 na ya 1950 tangu 2022. Jina lisipopatikana kwenye faharasa, usikate tamaa: waliotengeneza faharasa nao walikosea kusoma. Tafuta namba ya eneo la hesabu la mtaa huo, kisha pitia kurasa moja moja hadi uifikie nyumba. Jihadhari na mtindo wa zamani wa «Mrs. John Brown». John ni jina la mume, kwa hiyo mtafute mume, na mke utamkuta kwenye mstari unaofuata.

England na Wales hakuna sensa ya kukusaidia: ya 1931 iliteketea kwa moto na ya 1941 haikufanyika. Kinachoziba pengo ni daftari la wakazi la tarehe 29 Septemba 1939, lenye anwani, kazi na tarehe kamili ya kuzaliwa. Uzuri wake ni kwamba liliendelea kurekebishwa hadi 1991, na binti aliyeolewa baada ya vita mara nyingi ameandikiwa jina lake jipya juu ya la zamani. Waliozaliwa chini ya miaka 100 iliyopita hufunikwa, isipokuwa kifo chao kikithibitishwa, kwa hiyo watoto wengi wa nyumba ile hutawaona.

Nambari za jeshi

Nambari ya askari wa jeshi la nchi kavu la Marekani huwa na tarakimu nane. Ikianza na 1, alijiandikisha kwa hiari katika jeshi la kudumu. 2 ni wa walinzi wa jimbo walioingizwa jeshini. 3 ni kuruta aliyeitwa kwa sheria. Kwa anayeanza na 3, tarakimu ya pili huonyesha ukanda alikoandikishwa: 32 ni New York na majirani zake, 39 ni pwani ya Pasifiki. Afisa huwa na herufi O mbele. Hifadhi ya Taifa ya Marekani imeweka mtandaoni rekodi za walioandikishwa, takriban milioni 9, na unaweza kutafuta kwa nambari peke yake, bila nafasi wala kistari. Rekodi hizo zilisomwa na mashine kutoka filamu ya kadi zilizotobolewa, kwa hiyo makosa ni mengi. Nambari ikikataa, jaribu jina, mwaka wa kuzaliwa na jimbo.

Faili lake la utumishi ni bahati nasibu. Moto wa Julai 1973 mjini St. Louis uliteketeza takriban asilimia 80 ya mafaili ya askari wa nchi kavu waliotoka jeshini kati ya Novemba 1912 na Januari 1960. Ukijibiwa kwamba faili limeungua, omba taarifa za asubuhi za kombania yake. Ziliorodhesha kwa majina nani kafika, nani kaondoka na nani yuko hospitali.

Kwa afisa wa Uingereza, fungua gazeti la serikali, London Gazette, ambalo husomwa bure mtandaoni. Humo mna vyeo, tarehe na nambari yake binafsi.

Nambari ya posta ya jeshi si mahali

Hapa ndipo wengi hupotea. Nambari za APO (ofisi ya posta ya jeshi) za Wamarekani na zile za Feldpost (posta ya jeshi) za Wajerumani, zenye tarakimu tano, zilibuniwa makusudi ili adui asijue kikosi kiko wapi. Nambari ilihama na watu wake, na ya Kijerumani iliweza kufutwa kisha kupewa kikosi kingine. Kwa hiyo soma orodha ya nambari ukiwa na tarehe ya muhuri mkononi. Bila tarehe unaweza kumpeleka askari wa Italia hadi Norway. Muhuri usiposomeka, gharama ya posta hukusaidia kukadiria. Mmarekani aliandika «Free» mahali pa stempu kuanzia Aprili 1942, ila barua ya ndege iliendelea kulipiwa senti 6.

Mkaguzi naye ni shahidi. Katika jeshi la Marekani barua za askari zilikaguliwa na afisa wa kikosi chake, aliyetia sahihi pembeni mwa bahasha. Jina hilo likisomeka, linaweza kukupa kombania hata anwani ya mtumaji ikiwa imechanika. Sahihi ya mkaguzi ikifanana na mwandiko wa anwani, mtumaji alikuwa afisa aliyeidhinisha barua yake mwenyewe.

Barua iliyorudishwa

Muhuri wa kusema mpokeaji hajulikani alipo au amefariki hubadilisha njia. Nenda kwenye orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, yenye majina takriban milioni 1.7 ya vita vyote viwili. Mara nyingi hutaja wazazi au mke na mji wao, ndipo pa kulinganisha na anwani ya bahasha. Kwa Mjerumani, mafaili yaliyokuwa ya WASt, ofisi ya kumbukumbu za askari wa Ujerumani, yako Bundesarchiv (hifadhi ya taifa ya nyaraka) tangu 2019. Jina tu halitoshi huko. Jitahidi uwe na tarehe ya kuzaliwa.

Usikubali jibu hadi vitu viwili visivyotegemeana vikubaliane, kwa mfano nambari na anwani, au kikosi na jina la mzazi. Kila jina ulilolikataa andika sababu yake, usije ukalirudia mwezi ujao. Ukiona jina lile lile la mpokeaji kwenye bahasha nyingi zenye picha za kizalendo, huenda ni mkusanya stempu aliyejitumia mwenyewe, na askari unayemsaka hayupo kabisa.

Ukiwafikia wajukuu, waandikie mara moja, uambatanishe picha ya bahasha na njia uliyowapata, wala usichapishe anwani yao. Ukisema tu kwamba una «kitu cha babu yao», watadhani ni utapeli.