Kumaliza mkopo wa nyumba kabla ya muda: ziada kidogo, mapema, na kwa makubaliano ya nyumba nzima

Chukua jedwali la marejesho ulilopewa siku ya kusaini mkopo. Kama hukupewa, liombe leo. Soma mstari wa kwanza tu. Tuseme umekopa milioni 10 kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, muda ni miaka 20, na riba inakokotolewa kila mwezi kwenye salio lililobaki. Rejesho lako la mwezi litakuwa kama 110,100. Katika fedha hiyo, 100,000 yote ni riba. Deni lenyewe linapungua kwa 10,100 basi.

Mstari huo ndio uliotufanya mimi na mume wangu tukae chini na kalamu. Ukiendelea kushuka kwenye jedwali hilo unaona kwamba baada ya miaka mitano mtu ameshatoa zaidi ya milioni 6.6, na bado anadaiwa karibu milioni 9.2. Itapita miaka 14 na zaidi ndipo sehemu kubwa ya rejesho ianze kwenda kwenye deni. Benki haijakuibia hapo. Riba inatozwa kwenye salio, na mwanzoni salio ni kubwa, kwa hiyo riba inakula karibu kila kitu.

Lakini hesabu hiyo hiyo inafanya kazi upande wako pia. Ukiongeza 10,000 kila mwezi juu ya rejesho, zile 10,000 hazigawanywi na riba. Riba ya mwezi huo umeshailipa ndani ya rejesho la kawaida, kwa hiyo ziada yote inakwenda kukata deni. Mwezi wa kwanza deni linapungua kwa 20,100 badala ya 10,100, yaani karibu maradufu, kwa nyongeza isiyofika hata moja ya kumi ya rejesho. Ukishikilia hivyo hivyo, mkopo wa miaka 20 unaisha kwa miaka 15, na riba unayookoa ni kama milioni 4.85. Ukiweza 20,000 kila mwezi, unamaliza kwa miaka 12 na miezi michache.

Jambo ninalolisisitiza kwa kila anayeniuliza ni kuanza mapema, hata kwa kiasi kidogo. Chukua 100,000 ya mara moja tu. Ukiiweka mwanzoni kabisa mwa mkopo ule, inakuondolea marejesho tisa na nusu hivi mwishoni. Fedha ile ile ukiiweka baada ya miaka 15, haikuondolei hata marejesho mawili kamili. Kwa hiyo usiseme utaanza ukishapanda cheo. Anza na kile unachoweza kukikosa mwezi huu bila kulala njaa.

Kabla hujatuma hata senti

Soma mkataba, hasa vipengele ambavyo watu huviruka. Kwanza, tafuta kama kuna tozo ya kulipa kabla ya muda. Mikataba mingi yenye riba isiyobadilika inakuruhusu kulipa ziada hadi kiwango fulani kwa mwaka, na ukivuka hapo unatozwa. Kiwango hicho kikishajulikana, kigawe kwa miezi 12 na ujue mwisho wako. Kama tozo inakoma baada ya miaka kadhaa, ziada inayovuka kiwango inaweza kusubiri kwenye akiba hadi tarehe hiyo ipite.

Pili, jua riba yako inakokotolewaje. Maelezo yangu yote hapo juu ni ya riba inayotozwa kwenye salio linalopungua. Kuna mikopo ambayo riba hupigwa mara moja kwenye kiasi chote ulichokopa, kisha ikagawanywa kwa miezi. Mkopo wa namna hiyo ukiulipa mapema unaweza usiokoe chochote, mpaka mkataba useme kwamba riba ya miezi iliyobaki itasamehewa. Hali kadhalika kwa anayenunua nyumba kwa murabaha, yaani benki inainunua kisha inakuuzia kwa bei yenye faida yake ndani: bei imeshakubaliwa, kwa hiyo uliza kwa maandishi kama kuna punguzo ukimaliza mapema. Wa musharaka wa kupungua, ambapo wewe na benki mnamiliki nyumba pamoja na unainunua sehemu yake kidogo kidogo, ana nafasi nzuri zaidi, maana kila hisa anayoinunua mapema inapunguza kodi anayolipa kwa sehemu ya benki.

Tatu, na hapa ndipo watu wengi hupoteza faida bila kujua: ziada ikiingia, benki inaweza kufanya moja kati ya mambo mawili. Inaweza kukupunguzia rejesho la kila mwezi na kuacha muda vile vile, au kuacha rejesho vile vile na kufupisha muda. Ukitaka kumaliza mapema, unataka la pili. Na kuna benki ambazo huishika ziada kama malipo ya awali ya rejesho la mwezi ujao, na hapo hujapunguza deni hata kidogo. Kwa hiyo andika barua au baruapepe, taja namba ya mkopo, na useme waziwazi: "Kila fedha inayozidi rejesho langu ielekezwe kwenye deni la msingi, na muda wa mkopo ufupishwe." Tunza jibu lao.

Kisha mwezi unaofuata omba taarifa ya mkopo uihakiki. Salio la mwezi uliopita, toa sehemu ya deni iliyokuwa ndani ya rejesho, toa ziada yako. Ukipata namba tofauti na waliyoandika, nenda na karatasi yako kwa afisa mikopo mkae muipitie pamoja. Mimi hufanya hivi kila taarifa inapoingia, na nitaendelea kufanya hivyo hadi salio lisome sifuri.

Nani asianze

Mwenye deni la kadi au mkopo wa simu wenye riba kubwa kuliko ya nyumba amalize huo kwanza. Asiye na akiba ya dharura naye aiweke kwanza, walau matumizi ya miezi mitatu. Fedha ukishaitumbukiza kwenye nyumba, kuitoa tena ni shughuli: mikataba michache tu inakuruhusu kuchukua ziada uliyolipa, na nyumba haikatwi kipande ikauzwa ili mtoto apelekwe hospitali. Na kama mwajiri wako anachangia mfuko wa pensheni kwa sharti kwamba nawe uchangie, usiuache mchango huo ukupite kwa sababu ya haraka ya kumaliza mkopo.

Lengo la nani?

Hesabu ni nusu ya kazi, na ni nusu iliyo nyepesi. Kulipa ziada kwa miezi mitatu kila mtu anaweza. Kuendelea mwaka wa nne, wakati viatu vimechakaa na jirani amenunua gari, kunahitaji watu wote wa nyumba wawe wanavuta upande mmoja. Nimeona ndoa ambamo mmoja anajibana na mwenzake anatumia bila habari, na kinachofuata si ugomvi wa fedha tena. Ni ugomvi wa heshima.

Nyumbani kwetu tuko watu wazima watatu: mimi, mume wangu na wifi yangu, ambaye anakaa nasi na ana kipato chake. Tulipoanza, hatukuanza na kiasi. Tulianza kwa kuuliza, mkopo huu ukiisha, wewe unataka nini? Mume wangu alitaka kuacha kazi ya zamu za usiku. Mimi nilitaka kufungua kazi yangu ya ushonaji bila kukopa tena. Wifi alitaka ada ya chuo, arudi kusoma. Tukayaandika yote matatu kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, kila mtu kwa mwandiko wake. Kumaliza mkopo ndiko kunakofungua yote, kwa hiyo likawa lengo la wote, lakini kila mmoja ana sababu yake mwenyewe ya kulitaka. Hapo ndipo ziada ikaacha kuwa adhabu ambayo mama wa nyumba anawapa wenzake.

Kuhusu nani atoe kiasi gani, sipendi kugawa sawa kwa sawa pale vipato vinapotofautiana. Anayepata kidogo anaumia, na anayepata kingi hahisi kitu. Tunatoa kwa uwiano: kila mmoja asilimia ile ile ya kile kinachomfikia mkononi. Na kila mmoja anabaki na fedha yake ndogo ambayo haulizwi ameitumiaje. Usiiguse fedha hiyo hata mkopo ukiwa unakaribia kuisha. Mpango unaomnyima mtu hata uhuru mdogo kiasi hicho huvunjwa kwa siri.

Kikao chetu ni mwisho wa mwezi, baada ya taarifa kuingia, na hakivuki nusu saa. Tunasoma salio kwa sauti. Tunaulizana kama kuna mwezi mzito unakuja, kama ada, safari, au ugonjwa. Halafu tunakubaliana kiasi cha mwezi ujao. Binti yetu ana kazi yake: amechora nyumba kwenye karatasi kubwa ya grafu, kila mraba ni sehemu ya deni, na anapaka rangi kufuatana na salio jipya. Aliipaka kuanzia msingi kwenda juu, kwa hiari yake, akisema nyumba hujengwa hivyo. Siku hizi yeye ndiye anayetukumbusha kikao.

Ziada inatoka wapi

Weka agizo la kudumu la malipo siku moja baada ya mshahara, ziada ikiwa ndani yake tayari. Kinachosubiri mwisho wa mwezi huwa hakibaki. Mshahara ukipanda, gawa nyongeza kabla hamjaizoea, nusu kwa maisha, nusu kwa deni. Malimbikizo, malipo ya saa za ziada na bonasi, kubalianeni mapema asilimia ngapi inakwenda kwenye nyumba, maana fedha ikishaingia kila mtu anakuwa na wazo lake. Riba ya benki ikishuka na rejesho likapungua, endelea kulipa lile la zamani, kwa sababu ulishalizoea. Na anayelipwa kila wiki mbili anaweza, benki ikikubali, kulipa nusu ya rejesho kila malipo: mwaka una wiki 52, kwa hiyo anatoa nusu 26, sawa na marejesho 13 badala ya 12.

Mwezi ukiwa mbaya, simamisha ziada bila kujilaumu. Rejesho la mkataba ndilo la lazima, ziada ni ya hiari yako, na hiyo ndiyo sababu mimi napendelea kulipa ziada kuliko kusaini mkopo wa muda mfupi wenye rejesho kubwa. Mkiamua kusimamisha, andikeni kwenye daftari mwezi wa kuirudisha.

Mkikaribia mwisho, omba benki barua inayotaja kiasi kamili cha kufunga mkopo hadi tarehe fulani, kwa kuwa riba huendelea kuhesabika kila siku na salio la taarifa halitatosha. Mkishalipa, dai uthibitisho kwamba mkopo umefungwa, hati ya nyumba irudi mikononi mwenu, na rehani ifutwe kwenye daftari la ardhi. Hili la mwisho lifuatilieni wenyewe, maana rehani isipofutwa nyumba inaendelea kuonekana ina deni siku mtakapotaka kuiuza au kuirithisha. Ulizeni pia kuhusu bima iliyofungamana na mkopo, kama inakoma au kuna fedha ya kurudishwa.

Na agizo la malipo msilifute. Libadilisheni tu akaunti inayopokea. Sisi tumeshakubaliana kwamba rejesho la kwanza lisilokwenda benki litakwenda kwenye ada ya wifi.