Kuacha Ajira na Kununua Duka la Vifaa vya Ujenzi Linalofanya Kazi: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Nilifanya kazi ya ofisini Dar es Salaam kwa miaka 11 katika kampuni ya bima, kisha nikanunua duka la vifaa vya ujenzi pembezoni mwa jiji, ambalo ninaliendesha mpaka leo. Mwongozo huu unamhusu mwajiriwa anayetaka kununua biashara ambayo tayari ina wateja, badala ya kuanzisha mpya. Nitafuata mpangilio ambao ningependa kuufuata tangu mwanzo, na katika mpangilio huo barua ya kuacha kazi huandikwa karibu na mwisho, baada ya mkataba wa ununuzi.

Hatua ya 1: Jihesabu mwenyewe kabla ya kuhesabu duka

Andika matumizi ya nyumbani ya miezi 12 iliyopita, ukianza na ada za shule na pango, kisha utenge kiasi cha miezi 9 ambacho hakitaingia kwenye ununuzi kwa sababu yoyote ile. Ikiwa una mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara, soma mkataba wake sasa, kwa kuwa benki nyingi hudai salio lote au dhamana nyingine mshahara unapokoma. Bima ya afya ya familia nayo hukoma pamoja na ajira, kwa hiyo gharama ya kujilipia mwenyewe iwemo katika hesabu hii.

Pitia pia taarifa yako ya michango ya NSSF. Pensheni ya uzeeni inahitaji michango ya miezi 180, na mtu aliyebakiza miezi michache kufikia idadi hiyo ana sababu nzuri ya kusubiri, ingawa mfuko unamruhusu aliyejiajiri kuendelea kuchangia. Usitegemee fao la kukosa ajira, kwa kuwa hilo ni la aliyepoteza kazi pasipo hiari yake.

Hatua ya 2: Tafuta duka kupitia wanaolilisha bidhaa

Madalali watakuonyesha maduka mengi, lakini taarifa bora nilizipata kwa wasambazaji wa saruji na nondo na kwa madereva wa kirikuu wanaopeleka mizigo. Hao wanajua nani anaagiza kila wiki, nani analipa taslimu na nani amekatiwa mali kwa mkopo. Ukishapata duka, uliza kwa nini linauzwa, kisha mwulize jirani wa fremu ya pili swali hilohilo. Uzee, uhamisho wa mwenza na mgawanyo wa mirathi ni sababu za kawaida. Sababu ya kuogopa ni barabara mpya inayokaribia kubomoa upande ule, au duka kubwa la jumla linalojengwa mita 200 kutoka hapo.

Hatua ya 3: Pima mauzo kwa njia tatu

Hapa ndipo ununuzi mwingi unapofanikiwa au kuharibika, kwa hiyo tenga muda wa kutosha. Njia ya kwanza ni ripoti za Z (jumla ya mauzo ya kila siku) za EFD, yaani mashine ya risiti za kodi, za mwaka mzima, zikilinganishwa na taarifa za lipa namba na za benki. Njia ya pili ni ankara za manunuzi kutoka kwa wasambazaji, nami huziamini kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu duka lililonunua mifuko 300 ya saruji kwa mwezi, na stoo yake haijajaa, lazima limeiuza. Njia ya tatu ni kukaa dukani mwenyewe. Chukua likizo yako ya mwaka, keti pale siku 14 zinazogusa katikati ya mwezi na mwisho wa mwezi, na uandike kila mauzo. Ukiweza kuona siku kadhaa za masika, kati ya Machi na Mei, ni vizuri zaidi, kwa kuwa ujenzi hupungua na duka linaonyesha hali yake halisi.

Muuzaji akikueleza kwamba mauzo ya kweli ni makubwa kuliko yaliyomo kwenye risiti, mjibu kwa upole kwamba bei itapangwa kwa yale yanayothibitika tu. Mtu aliyeficha mauzo kwa miaka kadhaa ili asilipe kodi hana haki ya kukuuzia yaleyale aliyoyaficha.

Kisha fanya hesabu. Tuseme duka linauza shilingi 14,000,000 kwa mwezi na bidhaa hizo zimenunuliwa kwa 11,400,000. Faida ghafi ni 2,600,000. Ondoa pango 350,000, wafanyakazi wawili 500,000, umeme, ulinzi na taka 150,000, pamoja na kodi na leseni 200,000, zinabaki 1,400,000. Muuzaji atakuambia kwamba hiyo ndiyo faida. Lakini yeye mwenyewe anasimama kaunta kuanzia saa moja asubuhi hadi saa mbili usiku bila kujihesabia mshahara, na wewe ndiye utakayesimama hapo. Jilipe hata 800,000 tu, na faida ya biashara yenyewe ni 600,000 kwa mwezi, yaani 7,200,000 kwa mwaka.

Mauzo ya mfano huu ni 168,000,000 kwa mwaka, nayo yanapita milioni 100 ambapo mfanyabiashara binafsi hatozwi tena kwa makadirio na lazima awasilishe hesabu kamili. Mtunza hesabu awemo kwenye gharama. Kiwango cha kusajiliwa VAT kilipandishwa kuwa milioni 200 kuanzia Julai 2023, kwa hiyo duka likikua kidogo tu utakifikia.

Hatua ya 4: Panga bei katika mafungu matatu

Lipia bidhaa kwa bei ya manunuzi, lipia samani na vifaa kwa thamani yake ya leo, kisha jadili kilemba. Kilemba ni malipo ya eneo na ya mazoea ya wateja kufika pale, na kwa duka la mtaani mimi sivuki kiasi cha faida ya mwaka mmoja iliyobaki baada ya mshahara wa mwenye duka. Katika mfano wetu, hiyo ni 7,200,000. Muuzaji akitaja milioni 20 kwa sababu fremu ipo barabarani, mwombe akuonyeshe ni mauzo yapi yanayotokana na barabara hiyo.

Hatua ya 5: Zungumza na mwenye nyumba kabla ya kutoa hata shilingi moja

Katika jaribio langu la kwanza nilitoa shilingi 2,000,000 kama malipo ya awali kwa muuzaji niliyemwamini, kisha nikagundua kwamba mkataba wake wa pango ulikuwa umebakiza wiki 5 na mwenye nyumba alikwisha kumwahidi ndugu yake fremu ile. Fedha hiyo haikurudi. Tangu hapo nashauri kwamba mwenye nyumba akuandikie mkataba mpya kwa jina lako, wa miaka miwili au zaidi, wenye kipengele kinachoeleza pango litapandaje, na uthibitishe katika ofisi ya serikali ya mtaa kwamba nyumba ni yake kweli. Mkubaliane mapema pia kuhusu kodi ya zuio ya asilimia 10 ya pango, ambayo wewe mpangaji mwenye biashara unawajibika kuikata na kuipeleka TRA.

Hatua ya 6: Nunua mali, acha madeni

Ikiwa duka ni la mtu binafsi, TIN, leseni na mashine ya EFD haviuzwi pamoja na bidhaa, kwa hiyo utaomba leseni yako halmashauri na kusajili mashine kwa TIN yako. Jina la biashara linaweza kuhamishwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Ikiwa ni kampuni na unanunua hisa, unanunua pia historia yake yote ya kodi, nami sikushauri ufanye hivyo bila mkaguzi wa hesabu. Mwombe muuzaji uthibitisho wa TRA kwamba hadaiwi, na barua kutoka kwa kila taasisi iliyomkopesha kwamba bidhaa hazijawekwa dhamana. Daftari la wadaiwa mwachie mwenyewe. Wafanyakazi walipwe stahiki zao zote na yeye, kisha wewe uwape mikataba mipya.

Hatua ya 7: Hesabu mali usiku mmoja, vitu vyote

Duka likifungwa jioni, hesabu ianze na isisimame mpaka iishe, mkiwa na muuzaji, shahidi wake na shahidi wako. Sisi tulimaliza saa tisa usiku. Saruji tuliigusa mfuko mmoja mmoja: mfuko mzuri huzama unapoubonyeza kwa kidole gumba, na uliopata unyevu huwa mgumu pembeni kama jiwe. Katika mifuko 86, tulitenga 9 iliyokuwa imeegemea ukuta. Nondo pima urefu, kwa kuwa nondo kamili ni mita 12 na zilizokatwa huchanganywa na nzima. Misumari ipimwe kwenye mizani, ndoo za rangi zifunguliwe vifuniko, na vitasa visivyo na funguo vihesabiwe kuwa havipo. Bidhaa ambayo haijauzwa kwa mwaka mzima usiilipie bei ya manunuzi, hata kama inang'aa.

Hatua ya 8: Mkataba na wakili

Mkataba uwe na orodha ya mali iliyosainiwa usiku ule na saini ya mwenza wa muuzaji. Lipa asilimia 80 siku ya makabidhiano, na 20 zibaki miezi mitatu kufidia deni lolote litakalojitokeza. Muuzaji akubali kutofungua duka kama hilo katika kata ileile kwa miaka miwili na kukaa nawe siku 30. Wengi husahau namba ya simu ya duka. Mafundi huagiza kwa namba hiyo, wamezoea hivyo, na kwa kuwa laini husajiliwa kwa alama za vidole, nendeni pamoja kwa mtoa huduma kubadilisha umiliki siku hiyohiyo.

Hatua ya 9: Sasa andika barua

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka notisi isiyopungua siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, na mkataba wako unaweza kudai zaidi, kwa hiyo tarehe ya makabidhiano ipangwe baada ya notisi kwisha. Dai cheti cha utumishi kabla ya kuondoka.

Hatua ya 10: Siku 90 za kwanza

Usibadili jina, rangi ya ukuta wala bei. Watembelee mafundi kwenye maeneo yao ya ujenzi, ujitambulishe, na uwaulize ni bidhaa gani wanalazimika kuifuata mbali. Mimi niliambiwa waya wa kufungia nondo, nikauleta wiki ileile. Kila jioni linganisha fedha taslimu, lipa namba na risiti kabla ya kufunga mlango, uandike tofauti hata ikiwa ni shilingi 500. Jilipe mshahara wako tarehe moja ya mwezi, na siku nyingine zote mkono usiingie kwenye droo, hata ukikosa nauli ya kurudi nyumbani.